Kipande Kilichokaa Kombo

Tarehe 9 Januari

Mpwa wangu, mwalimu wa fizikia,

Pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote katika ukoo wetu, waliotangulia na watakaozaliwa. Mimi sijambo, mgongo haujambo, na kitambi kinaendelea kustawi bila kumwagiliwa. Msalimie sana mama yako. Mwambie kwamba yule mdogo wake ambaye kila siku anamsema hajawahi kumaliza alichokianza, safari hii kamaliza, na jina lake litachapishwa. Mwambie polepole, akiwa ameketi, presha isije ikapanda bure.

Utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza. Barua itakulazimisha unisikilize mpaka nukta ya mwisho.

Unajua mimi nimefanya kazi kumi na moja katika nchi tisa. Nimeuza matairi, nimepaka rangi minara, nimekuwa mkalimani wa lugha nisiyoijua na watu wakaelewana, na kwa miaka kumi na minne nimetengeneza saa. Hizo saa ndizo zilizonifikisha hapa chuoni. Profesa aliniletea saa yake, akaniona nadaka skrubu ndogo kama jicho la kiroboto kwa ncha ya kibano, akasema, "Mkono huo utakuja kwangu." Huu mwaka wa sita niko kwake, mimi niliyeacha shule kidato cha pili, na wenye digrii wananiita Fundi.

Kazi yenyewe ni hii. Wanapika metali za ajabu, zenye matabaka matabaka kama kurasa za kitabu. Kipande kikitoka kwenye tanuri ni robo ya punje ya mchele. Nakiweka chini ya hadubini, nakilaza juu ya kibao kidogo kwa gundi, halafu nakifunga nyaya nne za dhahabu nyembamba kuliko unywele, kwa tone la gundi ya fedha. Mbili zinapeleka umeme, mbili zinasikiliza. Baada ya hapo kinashushwa kwenye sumaku, na sumaku yetu si ya kuokotea sindano. Nguvu yake ni mara laki tatu ya ile inayogeuza dira. Imeshanilia saa moja, kadi mbili za benki na funguo za mlango wa nyuma.

Basi Novemba iliyopita nilifunga kipande kimoja. Mwanafunzi wa uzamivu, tunamwita Bi Haraka kwa sababu hana haraka hata kidogo, akakishusha kwenye sumaku, akapima siku tatu. Yakatoka mawimbi ambayo hayajawahi kuonekana kwenye metali hiyo. Profesa alitoka ofisini na miwani mbili, moja usoni moja utosini. "Nani kafunga hiki?" Nikasema mimi. Akasema, "Una mkono wa bahati." Mafundi wenzangu wawili wamefunga vipande arobaini wasipate kitu, mimi kimoja tu, dunia inatikisika.

Makala inaandikwa. Mwisho wake kuna shukrani, na humo nimo mimi, mstari mzima. Nitakutumia nakala uitundike ukutani.

Ni mimi mjomba wako,
Mkono wa Bahati


Tarehe 2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata moto anatembea kutuzidi wote. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Nusu yake uongo." Halafu akaniambia nirudie kusoma. Jioni akaichukua mwenyewe, akaenda nayo kwa jirani.

Na mimi nimefanya jambo ambalo sijui kama utaniruhusu. Niliwasomea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Nilipofika kwenye funguo za mlango wa nyuma walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sumaku inaufanyaje umeme ndani ya metali?" Nikachora elektroni ubaoni, nikaonyesha sumaku inavyoipinda njia yake, ikitaka kwenda mbele inazungushwa, ndiyo maana ukinzani unapanda. Lakini nilipofika kwenye matabaka nikakwama. Nikaomba siku mbili, nikasoma. Nimeona kwamba kwenye metali za aina hiyo mwelekeo ndio kila kitu: sumaku ikiyapiga matabaka wima ni habari moja, ikiyapiga kwa ubavu ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo nina maswali, Mjomba, usinichoke. Hayo mawimbi mapya yanatofautianaje na ya zamani? Una namba? Na kipande kikishabandikwa, mnajuaje kwamba kimelala sawasawa? Nani anakagua?

Najivuna sana juu yako. Naandika hivyo kwa sababu kwenye simu nisingeweza kusema.

Mpwa wako


Tarehe 20 Februari

Mpwa wangu, mkaguzi mkuu,

Marahaba, na goti la dada yangu nalo marahaba. Mwambie akichue asubuhi kabla hajaanza kunisema.

Kumbe nimekuwa somo darasani. Mimi niliyefukuzwa shule kabla hata ya kulifikia darasa hilo, kwa kuuza majibu ya mtihani, tena majibu yenyewe hayakuwa sahihi. Haya, waambie hivi. Elektroni ndani ya metali yetu ni kama mgeni kwenye jengo la ghorofa. Kutembea kwenye korido ya ghorofa yake ni rahisi, kupanda ghorofa nyingine ni taabu, ngazi mbovu. Sasa sumaku ni yule mwenyeji anayekushika kiwiko: kila ukipiga hatua anakugeuza. Ikiwa na nguvu ya kutosha, mgeni anazunguka pale pale koridoni, anafunga duara, anaanza tena. Ndipo ukaidi wa umeme, huo ninyi mnaouita ukinzani, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kadiri unavyoongeza sumaku. Ndiyo mawimbi. Ukiyahesabu yanakupa namba, na kila metali ina namba zake, kama alama za vidole.

Metali yetu ina namba mbili. Siku zote ya kwanza ilikuwa mia tano na ishirini, ya pili elfu moja mia tatu. Kwenye kipande changu ya kwanza ni mia sita, na ya pili elfu moja mia tano. Profesa anasema huenda elektroni zimejipanga upya ndani. Bi Haraka ameacha hata kula mchana. Ana miaka minne kwenye hii kazi, ndio kwanza anachekacheka. Juzi aliniletea kiti kipya cha kukalia kwenye hadubini, kakinunua mwenyewe, eti mgongo wangu ni mali ya maabara.

Kuhusu nani anakagua, nitakujibu siku nyingine maana karatasi inaelekea kuisha.

Mlinzi wetu wa getini ana paka. Huyo paka, mpwa wangu, kila siku saa nne analala juu ya bomba la gesi ya baridi, mahali ambapo mtu hawezi kuweka kiganja, na anakoroma. Nimemwambia mlinzi siku moja tutamkuta barafu. Akasema ana roho saba, bado hajatumia hata moja. Nitakwenda kumtazama kesho.

Mjomba


Tarehe 11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, goti amelichua kama ulivyosema, amekataa kukiri kwamba limepoa. Mvua zimeanza, darasa letu linavuja kona ileile.

Ulisema karatasi inaisha, halafu ukamwandika paka nusu ukurasa. Nani alikagua kile kipande?

Mjomba, nimekaa na zile namba zako wiki mbili. Naomba uchukue sinia, ulikinge mvuani. Ukilishika bapa, linapata mvua yote ya eneo lake. Ukiliinamisha, linapata kidogo. Metali yenye matabaka ndivyo inavyoipokea sumaku. Ikiwa kipande kimeinama, matabaka yanapata sehemu tu ya nguvu, kwa hiyo ili mgeni wako azunguke duara lilelile lazima sumaku iongezwe. Namba zinapanda, lakini metali haijabadilika kitu.

Sasa gawa mia sita kwa mia tano na ishirini. Halafu gawa elfu moja mia tano kwa elfu moja mia tatu. Majibu ni mamoja, yote mawili yamezidi kwa sehemu kumi na tano katika mia. Kama elektroni zingekuwa zimejipanga upya, kwa nini namba mbili tofauti zikue kwa kipimo kilekile? Nimefungua jedwali la kosaini la wanafunzi wangu. Ni mwinamo wa digrii thelathini.

Naona kile kipande kimekaa kombo, Mjomba.

Huenda nimekosea. Mimi ni mwalimu wa sekondari, sina hadubini hata moja. Lakini mwambie Bi Haraka akitazame kwa ubavu kabla makala haijaenda.

Jambo jingine, na usinikasirikie. Mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inapanda kulia. Mama naye ameona. U mzima?

Mpwa wako


Tarehe 30 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, tulikuwa na kazi. Mimi ni mzima, mwandiko wangu ni wa mtu mwenye shughuli. Msalimie mama yako, mwambie asome yaliyoandikwa, asipime herufi.

Unaniamkia vizuri halafu unanivua nguo barazani. Nimefunga vipande zaidi ya mia tatu hapa. Wewe umefunga vingapi? Jedwali la kosaini hata mimi naweza kulifungua, tatizo ni kulifunga.

Makala ilishakwenda kabla ya barua yako kufika. Waliipeleka Februari. Wenzetu wa maabara nyingine waliisoma, wakapika metali hiyohiyo, wakapima, hawakuona kitu. Mia tano na ishirini, elfu moja mia tatu, basi. Wamemwandikia Profesa barua ya heshima ambayo ndani yake ina matusi. Sasa Profesa anamuuliza Bi Haraka kama namba alizipima au alizipika. Kipande chenyewe kimefungiwa kabatini. Ameitwa mbele ya kamati tarehe 18 Juni.

Hayo ni mambo ya wasomi. Watamalizana.

Mjomba


Tarehe 14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo sote.

Watamalizana nani na nani? Yeye yuko peke yake.

Sikukuuliza umefunga vingapi. Nilikuuliza nani alikagua kile kimoja, mara mbili, na mara mbili hukujibu. Mama sijamwambia lolote. Ananiuliza makala itafika lini, ameshatenga mahali ukutani, nami namwambia vitu vya kuchapisha vinachukua muda.

Mwambie Bi Haraka kabla ya tarehe 18. Sitakuandikia tena mpaka nione barua yako, si kwa hasira, ila sijui niandike nini kingine.

Mpwa wako


Tarehe 22 Julai

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na goti la dada yangu limetulia. Mimi sijui nijisemeje. Nala, nalala.

Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe ishirini na tisa. Nilikuwa na siku ishirini. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila asubuhi Bi Haraka alipita akaniambia, "Habari za asubuhi, Fundi," nikamjibu kwa utani. Nilikuwa na utani mpya kila siku. Sijawahi kuchekesha kama mwezi ule.

Tarehe 18 aliingia kwenye kamati saa tatu. Mimi nilikuwa koridoni, nasukuma mtungi wa gesi ambao hakuna aliyeuhitaji. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akiuliza, "Je, inawezekana kipande kilibandikwa vibaya?"

Bi Haraka akasema, "Hapana. Kilibandikwa na fundi wetu. Daftari limeandikwa sawa."

"Fundi anaweza kukosea."

"Huyu angekosea angeniambia. Namfahamu."

Mpwa wangu, nimeshatukanwa kwa lugha tano na hakuna tusi lililoniingia kama hilo.

Niliingia bila kubisha hodi. Walikuwa watano mezani, na yeye upande wa pili kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani kama mwanafunzi aliyechelewa. Profesa akasema, "Fundi, si sasa." Nikajaribu kuanza na mzaha, nikasema nimekuja kudai mstari wangu wa shukrani. Hakuna aliyecheka. Ikabidi niseme hivihivi, bila kitu cha kujifunika.

Niliwaambia hivi. Novemba, kipande nilikwisha kukifunga vizuri, na Bi Haraka mwenyewe alikikagua akakipitisha. Nilipokuwa nakipachika kwenye fimbo ya kushushia, kiwiko changu kikagonga meza, kipande kikang'oka, kikadondoka sakafuni pamoja na nyaya mbili. Nilipiga magoti nikakitafuta kwa kiganja, kwa kupapasa. Nikakiokota kwa ncha ya njiti iliyoloana. Utaratibu ni mmoja na kila mtu anaujua: kikianguka, unaandika kimeanguka, unakifunga upya, unaita jicho la pili likague. Kipande kina uso unaong'aa, huo ndio uso wa matabaka, lazima ulale bapa. Mimi sikuuona unaong'aa. Sikuona uso wowote. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, daktari aliniambia tangu mwaka juzi na sikumwambia mtu, maana fundi wa hadubini asiyeona ni nini? Nilikibandika kwa kubahatisha, gundi ikajaa upande mmoja chini yake, na nyaya mbili nikazirudishia kwa mazoea ya mkono. Kwenye daftari nikaandika neno moja: Sawa.

Wakatoa kipande kabatini wakakiweka chini ya hadubini, wakakitazama kwa ubavu. Mwinamo digrii thelathini na moja. Wewe ulisema thelathini, kwa jedwali la wanafunzi, kutoka huko uliko. Yule mzee wa sauti ya kukwaruza aliangalia mara mbili, akasema, "Hata mtoto angeona." Ndivyo. Mtoto angeona.

Makala imeondolewa. Bi Haraka wamemsafisha, kwa maandishi, lakini hawakumrudishia mwaka. Ufadhili wake uliisha Juni. Wamempa mpaka Desemba apime upya kila kitu, na jioni anafundisha watu wazima hesabu ili apate kodi ya chumba. Amekonda. Mimi wamenitoa kwenye hadubini, sasa nasukuma mitungi na kufagia, na hilo ni haki yangu, usije ukanililia.

Nilimwomba radhi karibu na lango la nyuma. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alinisikiliza mpaka yakaisha. Halafu akauliza, "Siku ile kilipoanguka, mimi nilikuwa chumba cha pili, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini hukuniita? Ningekushikia taa." Akaondoka. Tangu hapo ananiamkia vizuri kama zamani, na kila akiniamkia natamani afadhali angenipita.

Wanafunzi wako sijui utawaambia nini. Mama yako mwambie mwenyewe au niachie nimwandikie, chagua wewe, lakini ule ukuta aufanyie kazi nyingine.

Kuna jambo moja sikuiambia kamati, kwa sababu hawakuuliza. Wanadhani nilidhani kimekaa sawa, kwamba nami nilishangaa mawimbi yale kama wao. Nilipoambiwa yametoka tofauti na vipande vyote, nilijua palepale ni kwa nini. Profesa aliposema mkono wa bahati, nilijua. Nilipokaa kukuandikia tarehe 9 Januari, nikajiita mwenye bahati kuliko ukoo mzima, nilijua. Haikuwa kweli, mpwa wangu, hata neno moja. Nilikiangusha.

Mjomba wako